Bajeti ya Krismasi ianze na Januari

Kila mwaka, kuanzia wiki ya pili ya Januari, benchi la kusubiria katika ofisi yetu ya akiba na mikopo huwa halitoshi. Wanachama hukaa mpaka kwenye ngazi, fomu mkononi. Kwenye fomu hiyo kuna mstari unaouliza sababu ya mkopo, na wengi hujaza neno moja tu: dharura. Ukimuuliza mtu ni dharura gani, anakwambia shule zimefunguliwa, au mwenye nyumba anataka kodi yake ya miezi mitatu. Nimekaa kwenye meza hii miaka 11 sasa, na sijaona mwaka ambao shule zilisahau kufunguliwa Januari.

Sisemi hivi kwa kumcheka mtu. Na mimi nimewahi kuijaza fomu hiyo, kisa chake nitakieleza mbele. Ninachotaka kuonyesha, maadamu bado tuko Novemba na pesa ya sikukuu haijaanza kutumika, ni kwamba kinachowaingiza wengi kwenye madeni si pilau wala nguo za watoto. Ni kuihesabu pesa ya Desemba kana kwamba yote ni ya Desemba.

Chukua mfanyakazi wa mshahara. Mwajiri akimhurumia akamlipa tarehe 20 Desemba ili apate cha sikukuu, anashangilia. Lakini mshahara wa Januari hauwahi, unarudi tarehe yake ileile ya 25. Kutoka tarehe 20 hadi 25 ya mwezi unaofuata ni siku 36. Pesa iliyozoea kulisha nyumba kwa siku 30 au 31, sasa inatakiwa ilishe kwa siku tano zaidi, na hapo hujanunua hata kilo ya nyama. Siku hizo tano hazionekani mapema kwa sababu zimejificha mwishoni, kule kwenye Januari, wakati wewe uko mwanzoni umeshika noti. Fundi, bodaboda na mama wa genge hawana tarehe ya mshahara, ila wanajua fika kwamba kuanzia Krismasi mpaka katikati ya Januari kazi hulala na wateja huanza kusema "niandikie."

Kwa hiyo ninapofundisha elimu ya fedha huwa naomba watu waandike Januari kwanza. Chukua karatasi, hata nyuma ya risiti ya luku inatosha. Tuseme ni familia ya fundi aluminiamu na mkewe mwenye genge, watoto wawili wako shule ya msingi ya serikali na mmoja anaingia kidato cha kwanza. Kwa makadirio yao, Desemba hii watashika shilingi 900,000 kwa jumla: kazi mbili za madirisha, mauzo ya genge, na mgao wa kikundi. Wakianza na Krismasi, laki tisa ni nyingi. Wakianza na Januari, hesabu inakuwa hivi. Tangu 2016 shule za serikali hazidai ada, lakini sare, viatu na madaftari ya watoto watatu vinabaki mezani kwa mzazi, tuseme 150,000. Kodi ya miezi mitatu, 80,000 kwa mwezi, ni 240,000. Chakula cha siku zile kavu mpaka kazi zirudi, 200,000. Jumla 590,000. Krismasi yao ina shilingi 310,000. Hiyo si Krismasi ya kusikitisha hata kidogo, ila ni Krismasi tofauti kabisa na ile ya laki tisa waliyokuwa nayo kichwani.

Hiyo 590,000 isibaki kwenye laini ya simu unayonunulia vocha. Lipa kodi tarehe hiyohiyo pesa ilipoingia. Viatu vya shule nunua sasa. Na hapa nina ushauri ambao watoto hawaupendi lakini wazazi hunishukuru: mwaka ambao pesa ni ngumu, kiatu cha Krismasi kiwe kiatu cheusi cha shule. Kimepigwa rangi, kiko na soksi nyeupe, kanisani kinapita bila maswali, na tarehe shule zinapofunguliwa kimeshazoea mguu.

Sasa nije kwenye mgao, kwa sababu hapo ndipo ninapoona pesa nyingi ikiyeyuka. Vikundi vingi vya VICOBA, yaani vikundi vya mtaani vya kuweka akiba na kukopeshana, huvunja mzunguko wao mwezi wa 12. Sanduku linafunguliwa, funguo tatu kwa watu watatu, hisa zinahesabiwa, watu wanapiga vigelegele. Kisha unasikia mtu anasema, "Mwaka huu kikundi kimenipa 290,000." Kikundi hakijakupa. Ukiweka 5,000 kila wiki kwa wiki 50, umeweka 250,000 zako mwenyewe. Kilichoongezeka ni 40,000. Hiyo 40,000 itumie unavyotaka, nunua hata kitenge. Lakini ile 250,000 ni genge lako la mwaka mzima limekuja kukutembelea, na ukilila lote kwa siku nne utaanza mwaka kwa kukopa kwenye kikundi kilekile kilichokulipa, tena kwa riba.

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokwenda kukifundisha kilitafuta njia. Walibishana vikao viwili, wengine wakanuna, hatimaye wakapiga kura: nusu ya mgao itolewe wiki ya pili ya Desemba, nusu ibaki sandukuni mpaka Jumamosi ya kwanza ya Januari. Mwenyekiti wao aliniambia mwaka wa kwanza wanaume ndio waliolalamika zaidi. Wana pia mchezo wa pembeni wa chakula, kila mmoja anaweka 2,000 kwa wiki tangu Februari, na mapema Desemba, kabla bei hazijachangamka, wanatuma watu wawili kununua mchele na mafuta kwa jumla. Siku ya kugawana wanatandika turubai, mzani unawekwa katikati, na kila mama anakuja na ndoo yake. Nilikuwepo mwaka juzi. Mama mmoja alirudisha ndoo yake mara mbili kwenye mzani kwa sababu ya robo kilo, na alikuwa na haki, robo ilipungua kweli.

Njia ya namna hiyo iko hata kwenye nyama. Majirani kumi wakichanga ng'ombe mmoja na kugawana mafungu, kila mmoja anapata utumbo wake, mifupa yake ya supu na nyama ya pilau, na mtu hahitaji kusimama buchani tarehe 24 jioni akipewa mfupa kwa bei ya steki. Anayetaka kuku wa kisasa aongee na mfugaji sasa hivi: kuku hao hukua kwa wiki tano hadi sita, kwa hiyo wa Krismasi wanaingizwa bandani katikati ya Novemba, na wafugaji wengi hukubali uwalipe kidogokidogo.

Wapo watakaosoma haya na kusema, mimi sina hata hiyo 310,000, nitakopa nilipe mbele ya safari. Basi tuangalie mkopo wenyewe kwa karibu, hasa ule ambao mtaani unaitwa kausha damu. Unapewa 200,000 leo jioni, bila maswali mengi. Kesho asubuhi unaanza rejesho la 10,000 kwa siku, siku 26. Jumla 260,000. Watu husema, "Ni elfu sitini tu." Tazama vizuri. Kufika siku ya 13 umeshawarudishia 130,000, yaani pesa yao iliyobaki mikononi mwako ni 70,000, lakini umetozwa kana kwamba ulikaa na laki mbili zote mpaka siku ya mwisho. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Linganisha na 60,000. Na sijagusa ada ya fomu wala faini ya siku ambayo genge halikuuza.

Mikopo ya programu za simu nayo ina mambo yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Wengi mnakumbuka meseji walizotumiwa wakwe, mabosi na wachungaji kwamba fulani ni tapeli, kwa deni la elfu thelathini. Kabla hujapakua kitu, hakikisha mkopeshaji ana leseni, na soma programu inaomba ruhusa gani. Mkopeshaji halali hahitaji kusoma majina ya watu wote kwenye simu yako ili akukopeshe.

Na sisi wenyewe? Ndiyo, vyama vya akiba na mikopo navyo hutangaza mkopo wa sikukuu, na chama chetu kimo. Riba yake ni nafuu, unakatwa kwenye mshahara, hakuna wa kukuvizia mlangoni. Lakini nitasema kama mtaalamu, si kama muuzaji: mkopo huo unakatwa Januari. Unaongeza pesa mahali ambapo ipo na kuipunguza mahali ambapo haipo. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na kila mwaka tunakataa maombi ya watu waliokwishafika ukomo huo, ambao sasa kilichobaki kwao ni kausha damu. Hata deni la dukani kwa Mangi, ambalo halina riba, lina mwisho wake. Siku daftari likijaa, utaanza kuzunguka njia ya nyuma usiione sura yake, na sukari utainunua mbali.

Sasa kisa changu. Mwaka mmoja, bado nikiwa mgeni kazini, nilichukua advansi ya mshahara nikapanda basi kwenda nyumbani Kibosho. Nilitaka nifike kama mtu wa mjini. Nilishuka na nusu ya mbuzi, mafuta ya kula lita kumi, kreti mbili za soda. Nikamkuta kaka yangu amefika jana yake na mbuzi mzima, dada yetu kaja na nyama kilo nane kutoka Moshi mjini, na mama mwenyewe alikuwa na beberu aliyemfuga tangu Machi kwa ajili yetu. Friji hakuna. Tulipika, tulibanika, tuligawa kwa majirani, na majirani nao walikuwa na watoto wao waliotoka mjini na nyama. Mama aliniuliza kwa upole, "Baba, kwani mtu hangenipigia simu?" Tarehe 2 Januari nilimwomba kaka nauli ya kurudi Dar.

Tangu hapo tunapangana mapema kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Kaka mchele na mafuta, dada nguo za wazee, mimi nauli ya mdogo wetu na sukari, mama na beberu wake. Ukianza wewe kusema, "Jamani, mwaka huu niko na kiasi hiki," utashangaa wangapi walikuwa wanasubiri mtu wa kwanza aseme. Wazazi wanaelewa kuliko tunavyodhani, mradi waambiwe Novemba, si tarehe 23 kwa meseji.

Nauli ni ya kushikwa mapema, tena ya kwenda na kurudi kwa pamoja. Anayekata tiketi ya kwenda tu anakuwa amenunua nusu ya safari. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupanga nauli ya ukomo kwa mabasi ya daraja la kawaida na la kati, kwa hiyo ukitajiwa bei ya kushangaza pale kituo cha mabasi cha Magufuli, Dar, dai tiketi yenye nauli halisi iliyoandikwa, na walanguzi wa nje ya geti waache na tiketi zao. Wa Morogoro na Dodoma wana treni ya reli ya kisasa, SGR, tangu 2024, ila nayo viti vya wiki ya Krismasi havisubiri. Na familia ya watu sita inayosafiri kila mwaka inaweza kwenda Pasaka badala ya Desemba, au akaenda baba na mtoto mmoja. Najua kwa Wachaga wenzangu hilo ni kama tusi. Nimelisema.

Mwisho ni kwa wale ambao maneno haya yamewakuta wameshakopa. Usichukue mkopo wa pili kulipia wa kwanza, hata kama wa pili una jina zuri zaidi. Orodhesha unadaiwa na nani, kiasi gani, kwa siku ngapi, anza na unaokula haraka. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa rejesho, kwa sababu anayekuja mwenyewe huongezewa siku, na anayezima simu hufuatwa nyumbani. Ofisi yetu hutoa ushauri huu bure, hata kwa asiye mwanachama, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njoo na karatasi zote, pamoja na ile kadi ya marejesho uliyoificha ndani ya Biblia ili mwenzako asiione. Bora zaidi, njoo naye.