Tiketi mbili si safari moja

Wasafiri wengi huamini kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, watapewa nafasi bure kwenye nyingine. Si kweli siku zote. Kinachoamua ni jinsi ulivyonunua tiketi.

Safari nzima ikiwa katika tiketi moja, ukakosa ndege ya kuunganisha kwa sababu ndege ya kwanza imechelewa, shirika ndilo linalotakiwa kukutafutia njia nyingine ya kufika. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kila moja ni mkataba wake. Shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na nauli yako mara nyingi ndiyo imekwenda. Basi ulilokata kutoka uwanjani hadi mji mwingine ni hivyo hivyo. Litaondoka kwa saa yake.

Mizigo ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Kwa tiketi mbili, begi kwa kawaida halihamishwi: unalichukua mwenyewe na kulikabidhi upya. Ili ulifikie, mara nyingi lazima upite uhamiaji, yaani uingie rasmi katika nchi uliyodhani unaipitia tu. Huna viza? Unaweza kuzuiwa hata kupanda ile ndege ya kwanza. Marekani ni kali zaidi: hata mwenye tiketi moja anayebadilisha ndege pale hupita uhamiaji, kwa hiyo anayehitaji viza lazima awe nayo, angalau ile ya kupitia.

Ukiona bei ya tiketi mbili inavutia, weka saa nyingi katikati, au bora zaidi, lala usiku mmoja pale unapobadilishia ndege.