Namba ya Saizi Kwenye Lebo Si Kipimo cha Mwili

Wengi huamini kwamba mtu akishajua namba ya saizi yake, kwa mfano 12, anaweza kuagiza gauni mtandaoni bila wasiwasi, na kwamba likimbana basi mwili wake ndio wenye kasoro. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa namba huonekana kama kipimo.

Hata hivyo, hakuna kanuni moja inayofuatwa na viwanda vyote vya nguo duniani. Namba 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa, na hata ndani ya nchi moja kila kampuni hukata kwa vipimo vyake; ndiyo maana katika rundo moja la mitumba sketi mbili zenye namba ileile huweza kutofautiana kiunoni.

Kuhakiki si kazi kubwa. Chukua blauzi inayokukaa vizuri, itandaze mezani bila kuivuta, pima kwa futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili ili upate mzunguko wa kifua wa blauzi hiyo. Linganisha na jedwali la muuzaji, ukiangalia kwanza (hapa ndipo wengi hupotea) kama linataja vipimo vya mwili au vya nguo yenyewe, kwani nguo isiyovutika huhitaji kuuzidi mwili kidogo. Mwenye mabega mapana na achague kwa kufuata mabega, maana kwa fundi kupunguza kiuno ni rahisi kuliko kuongeza mabega. Jedwali lisipokuwepo, dukani ndiko salama zaidi, mradi ujaribu ukiwa umekaa na umeinua mikono.