Si Lazima Upande Fahali

Wapo wanaoamini kwamba ufadhili wa masomo wa ranchi huko Marekani ni wa wapanda fahali tu. Jambo hili tulimalize leo. Haukuwekwa kwa ajili ya vijana wanaoweza kukaa sekunde nane juu ya fahali peke yao. Vipo vyuo vinavyowalipia ada wachezaji wa timu zao za rodeo, yaani mashindano ya kauboi ya kupanda fahali na farasi wakali, lakini hilo ni fungu moja tu kati ya mengi. Mzazi aliyehamia Texas kutoka Goma au Mombasa akishikilia imani hiyo, mwanawe hatajaza hata fomu moja.

Houston Livestock Show and Rodeo, maonyesho ya mifugo na rodeo ya mji wa Houston yaliyoanza 1932, ina mafungu ya wanafunzi wa mjini wasiofuga hata kuku, na mengine ya vijana wachoraji; sharti ni kusoma chuo cha Texas. Working Ranch Cowboys Association, chama cha kauboi wa ranchi kilichopo Amarillo, Texas, kinatazama wafanyakazi wa ranchi na familia zao. Anayetaka uzamili wa usimamizi wa ranchi aangalie taasisi ya King Ranch iliyopo Kingsville. Masharti ya ukaazi na uraia yasomwe kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi: insha za kuombea ufadhili zinazosema "napenda sana maisha ya kauboi". Hakuna anayeweza kuupima upendo huo. Kwa kijana wa 4-H au FFA, vyama vya vijana vya kilimo na ufugaji, penye uzito ni daftari la mradi, yaani kumbukumbu za kazi na gharama zake. Chukua maksai aliyenunuliwa akiwa na kilo 270 na kuuzwa na kilo 590. Ameongeza kilo 320. Kwa kilo 1.4 kwa siku, hizo ni siku 230 hivi. Ukihesabu kilo 7 za chakula kwa kila kilo anayoongeza, amekula zaidi ya tani mbili. Mwombaji aliyeandika nusu tani hajalisha maksai huyo, na msomaji mzoefu ataliona hilo papo hapo.

Kosa lingine ni kuandika bei ya mnada kama faida. Toa kwanza bei ya ndama, chakula, chanjo, matandiko ya zizi na usafiri. Isitoshe, bei ya mnada wa maonyesho ina ukarimu wa wafadhili ndani yake, si bei ya soko la nyama. Na tafadhali, neno "nilisaidia" halisemi kitu. Maksai alikuwa mali ya nani? Nani aliamka kumlisha? Asiye na mnyama wake aandike saa alizofanya kazi kwenye ranchi ya mtu na ujira aliolipwa. FFA inautambua mradi wa namna hiyo sawasawa na ufugaji.

Hata hivyo, miongozo hailisemi hili: daftari linampendelea mtoto ambaye baba yake anaweza kumnunulia ndama bora. Usaili unapunguza pengo kidogo, kisha unampendelea msemaji hodari. Sijaona namna ya kupima inayoliondoa tatizo hilo.

Ukipata fedha, kazi haijaisha. Mara nyingi hulipwa chuoni moja kwa moja, na chuo kinaweza kupunguza msaada wake chenyewe. Kiulize kwa maandishi: mtapunguza mkopo wangu au ruzuku yangu? Tofauti yake inaweza kuwa maelfu ya dola. Sehemu inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi na serikali kuu. Sehemu inayolipia chumba na chakula hutozwa.

Familia za ranchi zimepata tabu ya ziada kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa sababu zina ardhi ya thamani kubwa na mfuko mtupu. Kuanzia mwaka wa masomo 2024–25 shamba la familia lilianza kuhesabiwa kama mali. Sheria ya 2025 imeliondoa tena kwenye hesabu kuanzia 2026–27, mradi familia inaishi hapo. Anayejaza fomu kwa kufuata ile ya kaka yake ya 2024–25 au 2025–26 atajiandikia utajiri ambao haumhusu.