Pesa za pensheni na barafu ya Kizingitini

Mvuvi wa Kizingitini au Faza, kisiwani Pate hapa Lamu, akishusha samaki bila barafu, bei haiko mikononi mwake tena. Mchuuzi aliyefika na kasha la barafu ndiye anayeipanga, na kila saa inayopita inamwongezea nguvu. Mtambo wa barafu unaoendeshwa kwa umeme wa jua ungempa mvuvi nafasi ya kungoja bei nzuri, tena bila dizeli. Uwekezaji wa aina hii hutazama mambo mawili kwa pamoja: pesa irudi na faida, na manufaa kwa hali ya hewa na kwa wenye kipato kidogo yaonekane na kupimwa.

Pesa zipo. Mifuko ya pensheni ya Kenya inashika zaidi ya shilingi trilioni 2, na sehemu kubwa imewekwa kwenye bondi za serikali. Si sawa kuwalaumu wadhamini wa mifuko hiyo kana kwamba hawajali. Wamekabidhiwa akiba ya uzeeni ya watu, na sheria inawataka wailinde kwanza. Kanuni za RBA, mamlaka inayosimamia mafao ya uzeeni, zinawaruhusu kuweka hadi asilimia 90 kwenye hati za serikali, na hadi asilimia 10 kwenye mitaji ya kampuni ambazo haziko soko la hisa. Mlango umefunguliwa, ila wanaoingia ni wachache.

Kikwazo cha kwanza ni udogo wa miradi. Kuuchunguza mradi wa shilingi milioni 40 kunahitaji mawakili, wahasibu na wahandisi walewale wa mradi wa bilioni 2. Ndiyo maana mtambo mmoja wa Pate hautapata pesa za pensheni hata ukiwa mzuri namna gani. Lazima mitambo ya barafu, ya kusafisha maji ya chumvi na ya umeme wa jua, kutoka Kiunga hadi Vanga, yaani pwani nzima ya Kenya, ikusanywe kwenye mfuko mmoja. Upande wa pili, mifuko ya pensheni nayo imeanza kuungana, kwa mfano kupitia muungano wa KEPFIC.

Kikwazo cha pili ni hofu ya hasara, na dawa yake ni kupanga mtaji kwa tabaka. Tuchukue mfano wa mfuko wa shilingi bilioni 1. Milioni 150 ni ruzuku isiyodai riba, nayo ndiyo hubeba hasara kabla ya mwingine yeyote. Milioni 250 zinatoka benki ya maendeleo kwa riba ya asilimia 4. Milioni 600 ni za pensheni, kwa asilimia 13. Wakopaji wakilipa asilimia 11, zinaingia milioni 110 kwa mwaka. Toa milioni 20 za uendeshaji, zinabaki 90. Benki inachukua 10 na pensheni 78. Mikopo ya milioni 120 ikipotea kabisa, hata shilingi moja ya mtaji wa wastaafu haijaguswa. Lakini angalia kilichosalia: milioni 2 tu. Gharama za uendeshaji zikipanda kutoka asilimia 2 hadi 3, ahadi ya asilimia 13 haitimii. Mifuko mingi ya namna hii huumizwa na gharama zake yenyewe kabla ya kuumizwa na wakopaji.

Mpango wa dhamana, ambapo mwingine hukubali kubeba sehemu ya hasara, ulishajaribiwa huku kwetu. Ushelisheli mwaka 2018 iliuza bondi ya bahari ya dola milioni 15, Benki ya Dunia ikidhamini milioni 5. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa bondi ya kijani (mkopo wa miradi inayojali mazingira) ya kujenga makazi ya wanafunzi Nairobi, na kampuni ya dhamana ya GuarantCo ikadhamini nusu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza bondi ya kijani ya miaka 10, inayolipwa kutokana na mapato ya maji. Kaunti zetu zina kizingiti kingine: Kifungu cha 212 cha Katiba hakiruhusu kaunti kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti yenyewe.

Kosa linalowaponyoka wataalamu wa Nairobi ni kalenda. Kuanzia Aprili hivi kusi ikivuma, bahari huchafuka, mashua ndogo hazivuki miamba, na barafu hainunuliwi. Mkopo wenye marejesho sawa kila mwezi utakwama Juni, na mvuvi ataandikwa mlipaji mbaya ilhali kosa ni la aliyeandika mkataba. Marejesho makubwa yapangwe wakati wa kaskazi, kusi ilipwe riba tu, na mfuko uweke akiba ya kuwalipa wa pensheni miezi sita. Itengwe pia pesa ya matengenezo kila mwaka, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya na fremu za paneli.

La ardhi na ridhaa ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2021 mahakama ilibatilisha hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wakati mitambo tayari inazunguka. Hapa Lamu, mwaka 2018 mahakama iliamuru wavuvi walioathiriwa na bandari wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mwekezaji anayesoma hukumu hizo anaelewa kwamba baraza la kijiji si sherehe. Ni ulinzi wa mtaji wake. Kwa mikoko, ambayo zaidi ya nusu ya yote ya Kenya iko Lamu, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inaitaka miradi ya kaboni ya ardhini, yaani inayouza hati za hewa chafu iliyofyonzwa na miti, iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, jamii iulize ni gharama zipi zitakazotolewa kwanza, nani atazikagua, na hesabu zitasomwa wapi. Neno «gharama» likiachwa wazi kwenye mkataba, asilimia 40 inaweza kuwa ya kitu kidogo sana.