Maziwa hayazuii diclofenac kuleta vidonda vya tumbo

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu ya WhatsApp: meza diclofenac (dawa ya kutuliza maumivu) na glasi ya maziwa, au chomwa sindano badala ya vidonge, na tumbo litakuwa salama hata ukiitumia miezi. Si kweli.

Mkanganyiko wenyewe unaeleweka. Wahudumu wa afya husema dawa za aina hii zimezwe baada ya kula, na kweli chakula huweza kupunguza kiungulia. Ila kutosikia kiungulia si kinga. Diclofenac, ibuprofen na meloxicam hupunguza prostaglandini, kemikali za mwilini zinazochochea maumivu na uvimbe. Shida ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Dawa ikishaingia kwenye damu huzipunguza kemikali hizo popote, kwa hiyo hata sindano haikwepi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kunjua ile karatasi iliyomo ndani ya boksi (wengi huitupa), usome sehemu ya tahadhari: vidonda vya tumbo, figo, presha, ujauzito. Angalia pia jina la dawa lililo chini ya jina la biashara, maana kuna wanaomeza aina mbili bila kujua ni kundi moja.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako. Mwenye presha au vidonda akiuamini, anaweza kuumia. Na kama unatumia dawa hizi ukapata choo cheusi kama lami au ukatapika damu, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo.