Maharage yanapojaza tumbo upepo

Swali hili kliniki ya lishe huulizwa kwa sauti ya chini, muulizaji akiangalia pembeni: "Nikila maharage tumbo linajaa upepo. Niyaache?" Mara nyingi jibu langu ni hapana.

Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba bila kuguswa mpaka utumbo mpana, wanakoishi bakteria kwa matrilioni. Hao huzichachusha pamoja na nyuzinyuzi, kama mbege, pombe ya ndizi, inavyochachuka pipani, na gesi hutoka: haidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Lakini gesi ni moshi tu wa jiko hilo. Kinachopikwa ni asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, yaani asetati, propionati na butirati. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kwenye butirati. Katika majaribio ya panya, bakteria walionyimwa nyuzinyuzi waligeukia ute unaoulinda ukuta huo, wakaula.

Soya nayo ina kisa chake. Ndani yake mna deidzeini, ambayo bakteria fulani huigeuza kuwa ekuoli, kemikali inayofanana kiasi na homoni ya estrojeni. Japani, karibu nusu ya watu wazima au zaidi wana bakteria wa kazi hiyo. Ulaya na Marekani ni kama theluthi tu. Watu wawili wakinywa uji wa soya wa sufuria moja, damu zao huenda zisipate kitu kile kile. Ndiyo maana mtu akiniuzia unga "unaotibu kila mtu" huwa namuuliza maswali mengi.

Kwetu Kilimanjaro, watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walifuatilia wanaume 77 wenye afya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Waliozoea chakula cha asili kijijini walipobadilishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, protini zinazoashiria inflamesheni, yaani kinga kuwaka bila vita, zilipanda katika damu. Wa mjini waliorudishiwa mboga, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baadaye. Kundi lililokunywa mbege kwa wiki moja nalo lilionyesha nafuu. (Najua watakaoikata sentensi hii na kwenda nayo kilabuni. Mbege ina pombe, na pombe ina madhara yake.)

Sasa turudi kwenye maharage. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale na uyachemshe kwa maji mapya, maana sehemu ya zile sukari huyeyuka na kwenda na maji. Kama hujayazoea, anza na vijiko vitatu kwa mlo, uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili tumbo lizoee. Upepo ukiambatana na maumivu makali, damu chooni au kupungua uzito bila sababu, njoo hospitali. Hapo si suala la maharage tena.