Mlima Mezani: Ninavyopanga Mlo wa Sahani Saba

Mgeni akikaa mezani kwangu hapa Moshi hapewi orodha ya kuchagua. Analetewa sahani saba, moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa mbili na nusu, na zote zinasimulia safari moja: kutoka tambarare hadi Uhuru, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Wapishi wenzangu huniuliza nimenunua vifaa gani. Mimi pia nilianzia kwenye vifaa, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwanzoni nilifunga spika za kuvumisha upepo, na moshi wa barafu kavu ukatambaa juu ya meza. Mama mmoja mtu mzima wa Marangu aliutazama moshi ule kwa subira, akaonja, kisha akaniita. "Mwanangu, mtori umepoa." Ni kweli ulikuwa umepoa, maana wahudumu walikuwa wakisubiri moshi utande kwanza ndipo waweke bakuli.

Siidharau sauti. Kule Uingereza, mpishi Heston Blumenthal wa mkahawa wa The Fat Duck aliwahi kuandaa samaki na kuwapa wageni kombe la baharini lenye vipokea sauti ndani, wasikie mawimbi huku wanakula. Lakini chumvi ya bahari ilikuwa tayari ulimini, na sikio likaongezea tu. Upepo wangu ulivuma juu ya mtori wa ndizi mshare na mifupa ya ng'ombe, chakula cha kihambani, mahali penye migomba na kivuli. Upepo wa kileleni na mtori wapi na wapi?

Nikazima spika, nikaanza na joto. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Basi sahani zangu nazo hupoa kwa kupangwa: perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu hutoka jikoni akichoma vidole, mtori unafuka, uyoga wa ukanda wa msitu ni wa moto wa wastani, mboga ya mnafu, chungu na ya baridi, inafuata. Mgeni haambiwi lolote, ila mwili wake unajua kwamba anapanda.

Kilichonisumbua zaidi ni ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Kwa desturi ya mikahawa ya Kizungu, nyama kubwa huja karibu na mwisho. Nami nilitaka mbuzi huyo aletwe mezani, akatwe mbele ya wageni kama kwenye harusi zetu. Ila waliopanda wanajua kwamba ukifika juu chakula kinakataa kupita, kwa kuwa hewa nyembamba huondoa hamu ya kula. Ningewezaje kumpa mtu mbavu akiwa mita 4,700? Nikaipeleka ndafu iwe ya tatu, bado tuko kihambani, na baada yake kila sahani inapungua ukubwa. Nyama inayobaki wageni hufungiwa waende nayo nyumbani.

Mafuta ya mbuzi huganda mdomoni na kuua ladha ya uyoga unaofuata. Hapo huingia mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zilizoiva zimechemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na ulezi, na gome la msesewe likatia uchungu. Uchachu unakata mafuta na uchungu unaamsha ulimi. Asiyekunywa pombe hupewa togwa niliyoiacha ichachuke vizuri. Togwa tamu haifanyi kazi hiyo.

Sahani ya sita ni vijiko vitatu vya uji wa ulezi, vuguvugu, bila sukari. Wapandaji huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane wakiwa na kitu chepesi tumboni, na taa za chumba hupunguzwa hapo. Hakuna maelezo marefu.

Kileleni hakuoti kitu. Kwa hiyo nawapa kahawa, kwa sababu aliyefika juu hutazama chini alikotoka, kwenye mashamba ya kahawa. Ni kahawa nyeusi iliyogandishwa na kukwanguliwa, imetandazwa kama mawe ya kilele cha Kibo, na pembeni kipande cha barafu ya maziwa kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tangu 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Wageni wengine huomba waongezewe ile nyeupe. Siongezi.